Homa haiishi na huku chini kumevimba: nikienda hospitali, bado mimi ni morani?

Shikamoo mzee,

Mimi ni kijana wa Kimasai, umri wangu ni miaka 24, kwetu ni wilaya ya Longido. Niko Dar es Salaam, nafanya kazi ya ulinzi wa usiku kwenye nyumba ya mtu. Nilikuja mjini baada ya mambo ya nyumbani kuharibika: ng'ombe wetu kadhaa walitupa mimba, maziwa yakapungua, baba akasema vijana twende tukatafute hela ya mahindi na ya dawa za mifugo.

Mzee, naumwa na sijui naumwa nini. Homa inaanza jioni, usiku natoka jasho mpaka shuka inalowa, asubuhi naamka mzima. Nakaa vizuri kwa muda, halafu inarudi. Hivyo hivyo tangu masika. Kiuno na nyonga vinauma, kuinuka kwenye kiti ni kazi. Nimepungua mpaka mkanda nimeutoboa tundu jipya. Duka la dawa wamenipa dawa mseto dozi baada ya dozi, na nikipimwa malaria wanasema hakuna. Jamaa mmoja wa kwetu alinichoma sindano ya OTC, ile tunayowachoma ng'ombe. Kusema kweli nilipata nafuu kubwa, nikajua yamekwisha. Yakarudi tena.

Sasa kuna hili lililonifanya niandike. Korodani ya kulia imevimba pole pole, inauma, lindoni natembea kwa shida. Nilikwenda zahanati moja. Pale dirishani, watu wamejaa nyuma yangu, dada wa mapokezi akaniuliza kwa sauti naumwa nini. Nikasema homa. Akauliza, homa tu? Nikanyamaza. Nilipoingia ndani, muuguzi ambaye kwangu ni mdogo akaniuliza nimelala na wanawake wangapi, akasema ninyi Wamasai mnakaa na magonjwa mpaka yaoze ndiyo mnakuja. Niliondoka bila kupimwa.

Wenzangu wa lindo wana maneno yao. Mmoja anasema ni zinaa, mwingine anasema nimerogwa, mwingine anasema ni busha la huku Pwani. Baba kwenye simu anataka nirudi niende orpul na wenzangu, nikae porini nile nyama na supu ya mizizi mpaka nguvu zirudi. Mimi nilipotahiriwa sikupepesa jicho, kijiji kizima kinajua. Leo nikavue nguo mbele ya binti na kulia kwamba naumwa huku? Tena kuna mchumba ambaye baba ameshaanza kumtolea ng'ombe. Akisikia itakuwaje? Nitazaa kweli? Halafu kuna mtu ameniambia hospitali kubwa watanikataza maziwa. Mmasai akiacha maziwa anabaki kuwa nani?

Morani, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mwanangu.

Naanza na la haraka, kwa ajili ya vijana wengine watakaosoma. Korodani ikivimba ghafla, ndani ya saa chache, kwa maumivu makali na kichefuchefu, usisubiri kuche. Huenda imejisokota na damu haifiki, na mtu ana takriban saa 6 tu kabla haijaharibika kabisa. Hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo. Wewe umesema uvimbe ulikuja pole pole juu ya homa ya muda mrefu, kwa hiyo nafikiria jambo jingine. Hata hivyo nenda wiki hii, usingoje mshahara.

Katika barua yako kuna mambo mawili uliyoyapita haraka, nami ndiyo yaliyonisimamisha: ng'ombe waliotupa mimba, na ile nafuu uliyoipata kwa OTC. Nimefanya kazi ya utabibu miaka mingi katika vituo vya wafugaji, na kijana mwenye homa ya kuja na kuondoka akiniambia kwao ng'ombe wametupa mimba, sihitaji kusikia mengi zaidi ili nijue kipimo cha kuandika.

Nikuulize kama mfugaji. Ng'ombe mwenye mimba kubwa akaitupa, kondo likakwama, mwenzake akaota uvimbe wa maji gotini, na dume la boma likawa na korodani moja kubwa kuliko nyingine: utasema ng'ombe hao ni wazima? Huwezi. Ungewatenga, ungemwita afisa mifugo, na usingekubali mtu akuuzie ng'ombe kutoka boma hilo. Afisa mifugo angekuambia ni brusela, ule ambao wengi tunauita ugonjwa wa kutupa mimba. Sasa jua kwamba ugonjwa huo unamwingia binadamu pia. Kwa binadamu huleta homa inayopanda na kushuka kwa wiki au miezi, jasho la usiku, maumivu ya kiuno, nyonga na magoti, na mwili kukonda. Kwa wanaume kadhaa huteremka kwenye korodani, vilevile kama kwa dume.

Huingia kwa maziwa mabichi, kwa damu mbichi, kwa figo au ini lililoliwa bichi pale pale mnyama anapochunwa. Huingia pia kwa mikono. Ng'ombe akishindwa kuzaa, anayeitwa kumvuta ndama ni kijana mwenye nguvu, na mkono wake mtupu unaingia mpaka juu ya kiwiko. Hukuniandikia kama uliwahi kumvuta mmoja wa wale ndama waliokufa. Nadhani ulimvuta. Maji yale ya uzazi, kondo na kile kijusi ndimo vijidudu vilimojaa kuliko mahali pengine popote, na mchubuko mdogo kwenye ngozi unatosha kuwa mlango.

Kuhusu dawa mseto, hauko peke yako. Moshi, si mbali na kwenu, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kati ya 2007 na 2008. Zaidi ya nusu yao waliandikiwa kwamba ni malaria. Vipimo makini vilipofanyika, wenye malaria hasa walikuwa 14 tu. Kati ya waliochunguzwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, takriban robo walikuwa nayo, brusela ikiwamo. Kwa hiyo ukiambiwa malaria hakuna, swali linalofuata ni hili: ni nini basi? Swali hilo unayo haki ya kuliuliza, na ukinyimwa jibu uliulize kwingine.

Na OTC? Dawa iliyomo ndani yake ni ndugu wa doksisaiklini, mojawapo ya dawa tunazowapa wagonjwa wa brusela. Ndiyo maana homa ilishuka. Lakini vijidudu hivi hujificha ndani ya chembe za mwili, dawa moja ya siku chache haiwafikii wote, na waliobaki wakaanza upya. Sindano ile pia imetengenezwa kwa kipimo cha mnyama wa kilo mamia, inaweza kukuachia jipu, na inaweza kuvuruga majibu ya maabara. Usichomwe tena. Ukifika kwa tabibu mwambie ulichomwa, bila aibu. Ni habari anayoihitaji.

Siwezi kukupima kwa barua. Dalili zako zinafanana pia na kifua kikuu, ambacho nacho huleta jasho la usiku na kukonda, na kinaweza kufika hadi kwenye korodani. Magonjwa ya zinaa huvimbisha korodani, na kuulizwa kuhusu wanawake si tusi endapo unaulizwa kwa adabu na faragha. Busha lipo kweli Pwani, lakini kwa kawaida ni maji yanayojaa taratibu bila homa ya namna hii. Na uvimbe mgumu usiouma kwa kijana wa umri wako lazima uangaliwe kwa picha ya ultrasaundi, kwa sababu saratani ya korodani huwapata vijana. Vyote hivi vinapimika. Kipimo cha kifua kikuu na cha VVU katika vituo vya serikali ni bure.

Kilichokukwamisha dirishani ni kwamba uliulizwa vibaya, ukakosa pa kuanzia. Nakupa maneno. Yaandike kwenye karatasi, na kama hutaki kuyasema mbele za watu, mpe tabibu ayasome mkiwa wawili:

“Mimi ni mfugaji kutoka Longido. Nina homa inayokuja na kuondoka tangu masika, jasho la usiku, maumivu ya kiuno, na nimekonda. Malaria nimepimwa, haipo. Nyumbani ng'ombe wametupa mimba, nimekunywa maziwa mabichi na nimeshika wanyama wanaozaa. Nimechomwa OTC. Korodani ya kulia imevimba. Naomba nipimwe brusela, kifua kikuu, VVU na mkojo.”

Pale mapokezi sema tu, “Naomba kumwona tabibu wa kiume, ni jambo la faragha.” Hakuna anayepaswa kukulazimisha kuongeza neno. Ukidharauliwa, omba kumwona mganga mfawidhi wa kituo. Kumsikiliza mgonjwa aliyedharauliwa ni sehemu ya kazi yake. Uliyotendewa hayakuwa sahihi, na mimi kama mtu wa kazi hiyo yananiuma. Wazee wenu wanakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ilipoendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamasai waache shuka na kuvaa suruali. Kijana anayesita kwenye mlango wa ofisi amerithi kumbukumbu hiyo hata kama hakusimuliwa. Ingia na shuka yako. Damu inatolewa mkononi, na mkono wa Mmasai uko wazi tayari.

Kipimo cha haraka cha brusela kinachotumika vituo vingi wakati mwingine husema ugonjwa upo hata kwa mtu asiye nao. Wakikuambia unao, uliza kwa upole kama watathibitisha kwa kipimo kingine, hasa kile kinachoitwa Rose Bengal.

Ikithibitika, dawa zipo na watu wanapona. Kwa kawaida ni dawa mbili kwa pamoja, doksisaiklini ya vidonge kwa wiki 6, na pamoja nayo ama rifampisini kwa muda huo huo ama sindano za wiki mbili tatu za mwanzo. Atakayechagua ni tabibu wako. Usizinunue dukani kwa maneno yangu, kwa sababu rifampisini ndiyo nguzo ya dawa za kifua kikuu, na ukiimeza ovyo huku una kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, unakifunza kuishinda dawa.

Sikiliza hili vizuri, kwa kuwa ndipo vijana wengi wanapoacha dawa. Ukipewa rifampisini, mkojo wako utageuka rangi ya chungwa, karibu na nyekundu, tangu siku za mwanzo. Jasho na machozi pia, na shati jeupe linaweza kuchukua rangi. Hiyo si damu, wala hujaharibika figo. Dawa ndiyo inavyotoka mwilini. Macho yakiwa ya njano, hapo rudi hospitali. Doksisaiklini imeze umekaa wima, kwa maji mengi, usilale mara moja baada yake maana huunguza koo. Usiimeze kwa maziwa, hupunguza nguvu yake. Ngozi huungua jua kwa urahisi ukiwa unaitumia, basi shuka ikufunike mabega mchana. Wiki ya pili utajisikia mzima kabisa na utaona hakuna haja ya kuendelea. Homa inayorudi baada ya dawa iliyoachwa njiani unaijua tayari, umeionja kwa OTC.

Sasa swali lako la umorani. Umetaja siku uliyotahiriwa, nami naiheshimu siku hiyo. Ila kumbuka yaliyofuata. Kisu kilipokwisha, hukurudi machungani na kidonda kibichi ili kuonyesha ukali. Ulilazwa. Ulipewa damu na maziwa kurudisha nguvu, mama alikulisha, watu wakawa wanauliza kidonda kinaendeleaje mpaka kikapona. Kwa mila zenu wenyewe, kunyamaza ni kwa ajili ya kisu, muda mfupi, mbele ya watu. Kuugulia peke yako lindoni kwa miezi, huku duka la dawa likikuuzia malaria usiyo nayo, hakuna mzee aliyekufundisha.

Ugonjwa huu wenyewe ulijulikana kwanza kupitia wanaume wa vita. Mwaka 1887, kwenye kisiwa cha Malta, daktari wa jeshi la Waingereza aitwaye David Bruce alikuta vijidudu hivi katika wengu za askari waliokufa kwa homa. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, daktari wa Kimalta, akagundua kwamba vilikuwa kwenye mbuzi waliokuwa wakikamuliwa kuwanywesha askari. Jeshi lilipoondoa maziwa hayo mabichi kwenye posho mwaka 1906, wagonjwa kambini wakapungua sana. Hakuna aliyesema askari wale ni waoga kwa kupimwa damu.

Na umorani nao hubadilika ukiwa bado ni umorani. Babu yako alipata jina kwa kuua simba. Upande wa Kenya, kule Amboseli, tangu 2007 wapo morani ambao kazi yao ni kuwafuatilia simba na kuwalinda, wakiwaonya wafugaji wasipeleke ng'ombe walipo. Wanavaa shuka ile ile, wana mikuki ile ile, na nyayo wanazisoma walivyofundishwa na baba zao. Wewe unasoma mwili wa ng'ombe kuliko madaktari wengi ninaowajua. Nataka usome na wa kwako kwa macho hayo hayo.

Maziwa huyaachi. Unayachemsha mpaka yafoke, basi. Wengi wenu mnayachemsha tayari kila asubuhi mnapopika chai. Ukitaka mgando, chemsha, acha yapoe, ndipo uyatie kwenye kibuyu kilichooshwa na kufukizwa upya, yagande. Kugandisha maziwa mabichi peke yake hakuondoi vijidudu kwa uhakika, wala moshi wa kibuyu, hata ukiwa wa mti wa oloirien wenyewe. Ladha itatofautiana kidogo, sikudanganyi. Mama zenu wengine hawaipendi mwanzoni. Damu mbichi, figo na ini bichi, hayo nakuomba uyaache, yapite motoni.

Baba yako usibishane naye. Orpul ina mapumziko, nyama, supu na wenzako, na mtu aliyekonda anavihitaji vyote. Mwambie, “Baba, nitakuja, ila nianze dawa za wiki 6 kwanza, na nitakuja nazo.” Nenda umeshaanza, homa imetulia, vidonge vya kutosha vimo mkobani. Mizizi na magome ya kwenye supu mtajie tabibu kwa majina kabla hujaondoka, kwa sababu rifampisini ina kazi kubwa kwenye ini, na mizizi mikali pamoja nayo inaweza kulielemea. Nina hakika baba ataelewa upesi ukimwambia ni ule ugonjwa wa ng'ombe wake. Yeye ameuona ukimaliza ndama.

Kuhusu kuzaa: wanaume wengi wakitibiwa mapema korodani hurudi hali yake, na hata moja ikipata hitilafu, nyingine nzima inatosha. Kinachoharibu ni kuchelewa. Mpaka umalize dawa tumia kondomu. Na mchumba mweleze mwenyewe, kabla hajaletewa na wenzako wa lindo wakiwa wamelitia chumvi. Mwambie pia kwa faida yake: mwanamke mjamzito akiipata brusela anaweza kuharibu mimba. Wanaokamua nyumbani ni mama yako na dada zako. Kama yupo mwenye homa ya aina yako au aliyepoteza mimba, aende kituoni na maneno yale yale niliyokuandikia, na afisa mifugo aitwe aangalie zizi na kuzungumzia chanjo ya ndama majike. Kijusi kilichotupwa kisiachiwe mbwa, wala kisishikwe kwa mkono mtupu. Mikono ivikwe glavu au mfuko wa nailoni, kizikwe chini sana au kichomwe.

Mwisho, morani hanywi maziwa peke yake. Kwa hiyo wapo vijana wa rika lako walioshika kibuyu kile kile, wakala figo ile ile, na pengine mmoja wao yuko naye mjini analinda geti la mtu huku anatoka jasho usiku. Ukishapata majibu yako, wapigie simu mmoja mmoja uwaulize kuhusu homa na kuhusu huku chini. Wewe watakujibu, mimi wasingenijibu. Kisha niandikie kipimo kimesema nini.